Unahama Chuo au Unahama Upweke?

Kila mwaka, wiki chache baada ya chuo kufunguliwa, mlango wa ofisi ya udahili unapata foleni yake. Foleni ya usajili imeshapita. Hii ni ya vijana wa mwaka wa kwanza wenye bahasha mkononi, wanaoulizana kwa sauti ya chini kama dirisha la kuhama limefunguliwa na linafungwa lini. Simama pale dakika kumi utasikia kila sababu: joto, vumbi, maji, kozi siyo yangu, mchumba yuko Mwanza, mama anaumwa, chakula, "nimepachoka tu". Na wote wanajaza fomu ileile.

Niko mwaka wa tatu, na nimekuwa CR wa darasa letu tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo barua za kuhama nimezisoma nyingi. Kwa kanuni hazipiti kwa CR, lakini nani mwingine atamsahihishia mwenzake Kiingereza cha barua saa nne usiku? Katika kuzisoma nimepata msimamo. Kama tatizo ni kozi, hama, tena mapema. Kama tatizo ni kwamba hapa huna mtu, usihame kwanza, maana na huko unakokwenda huna mtu. Kinachoniudhi ni kalenda yetu, ambayo inamtaka mtoto wa watu aamue kabla hajajua analo lipi kati ya hayo mawili.

Hebu tuiangalie hiyo kalenda. Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei. Matokeo yanatoka Julai, wengine wakiwa kambini JKT kwa mujibu wa sheria, na kazi ya kuomba chuo wamemwachia kaka au dada nyumbani. Tangu 2017 maombi ya shahada ya kwanza yanakwenda chuoni moja kwa moja, ule mfumo wa pamoja wa TCU uliokuwepo tangu 2010 ukiwa umewekwa pembeni. Kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa hiyo mwenye hela anaomba vitano na mtoto wa mkulima anaomba viwili. Na wengi wetu tunajua maombi hayo yanajazwa wapi: steshenari ya mjini, kijana wa steshenari akibofya, wewe umekaa kwenye benchi nyuma yake, na watu saba wanasubiri zamu. Anakuuliza, "Kozi ya tatu niweke ipi?" Unasema chochote. Hicho chochote ndicho unachokuja kusoma miaka mitatu.

Kisha majina yanatoka, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anathibitisha kwa namba aliyotumiwa kwenye simu, na mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba unashuka na begi lako. Dirisha la uhamisho linafunguliwa kwa siku chache mwanzoni kabisa mwa mwaka wa masomo. Hujafanya testi hata moja. Hujajua mhadhiri yupi anafundisha na yupi anasoma slaidi. Huenda hata bumu la kwanza hujasaini. Ndipo unaambiwa uchague kubaki au kuondoka.

Wiki hizo ndizo mbaya kuliko zote utakazozipata chuoni, na hilo halitegemei chuo. Fikiria aliyetoka Ilboru, Kilakala au Tabora Boys. Kule alikuwa na jina. Mwalimu wa zamu alimjua, mpishi alimjua, darasa lilikuwa na watu arobaini. Hapa anaingia pindi la watu mia nne, anakaa nyuma kwa sababu mbele pamejaa, haulizwi swali na akikosa wiki nzima hakuna atakayegundua. Kengele hakuna. Rumu ina watu sita, watano wanatoka mkoa mmoja na wanaongea lugha yao usiku. Anafungua simu anakuta wenzake wa kidato cha sita walioko Mlimani wamepiga picha kwenye vimbweta, chini ya miti, wanacheka. Anasema: ningekuwa kule.

Picha ya kimbweta haionyeshi yaliyo nyuma yake. Rafiki yangu wa kule amepanga geto Kimara, anaamka saa kumi na moja alfajiri kugombea daladala, na picha aliyoweka ndiyo mara ya kwanza wiki ile alipata muda wa kukaa. Yeye naye anaangalia picha zetu za machweo ya Dodoma na kuuliza kama huku vyumba ni bei rahisi.

Mmarekani mmoja, Vincent Tinto, aliandika mwaka 1975 nadharia ambayo watu wa elimu bado wanaitumia, kuhusu kwa nini wanafunzi wanaacha vyuo. Alitenganisha mambo mawili: mtu kuungana na masomo yake, na mtu kuungana na watu wa pale. Unaweza kuwa umefaulu moja na umeshindwa lingine. Sisi huku tunavichanganya vyote kwenye neno moja, "sipapendi", halafu tunatafuta dawa moja.

Chukua upweke peke yake. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Dodoma mwaka 2024, mwanafunzi anayetoka Dar anaweza kutoka pindi la Ijumaa mchana na kula chakula cha usiku kwao. Nafurahi kwa hilo. Lakini nimeona jambo kwenye hosteli yetu. Wale wanaokwenda nyumbani kila Ijumaa ndio haohao wanaosema mwezi wa Desemba kwamba hawana marafiki. Urafiki wa chuo haujengwi Jumanne kwenye pindi. Unajengwa Jumamosi, mnapofua pamoja, mnapochanga hela ya mchele, mnapobishana mpira, mnapokwenda kwaya au msikitini. Wakati huo yeye yuko kwenye behewa. Na nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Bumu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu lilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2023. Hesabu mwenyewe ni siku ngapi za kula zimebaki stesheni.

Kwa hiyo mtu akiniambia anahama kwa sababu ya upweke, namwomba kitu kimoja: akae wikiendi nne mfululizo. Simwombi ajiunge na vikundi kumi. Akae tu. Wengine wamekaa na bado wameondoka, na mmoja wao, aliyehamia chuo cha Dar, nasikia anaendelea vizuri sana. Sina ugomvi naye. Aliondoka akijua anachokiacha.

Kozi ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo ushauri wetu wa kila siku unapoharibu watu.

Mkienda kwa mzee yeyote, awe mjomba, padri, ustaadhi au mhadhiri, mkamwambia kozi imenishinda moyo, jibu ni moja: vumilia, utazoea. Mimi nasema neno hilo lina haki yake kwenye vumbi na maji ya bomba. Vumbi unalizoea. Kozi usiyoitaka huizoei, unaipitia. Namjua dada mmoja aliyesoma PCB, aliyetaka uuguzi tangu akiwa darasa la sita. Akaingia ualimu wa sayansi kwa kuwa aliambiwa ndio wenye uhakika wa mkopo. Wiki ya pili alitaka kuhama. Familia ikamwita kwenye kikao, kila mtu akasema vumilia, akavumilia. Sasa yuko mwaka wa tatu na GPA ya kupita tu, ametoka mazoezi ya kufundisha, na aliponihadithia hakulalamikia watoto wala mshahara. Alisema alikuwa akisimama mbele ya darasa la kidato cha pili akihesabu dakika kama wanafunzi wake. Anapanga kuanza diploma ya uuguzi akimaliza hapa. Miaka mitatu, na deni la Bodi juu yake, ambalo akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Huyo angalau amefika mwisho. Kuna mwingine aliyeambiwa vumilia, akaacha kuingia pindi taratibu bila kumwambia mtu, akapata sapu tano, na mwisho wa mwaka akadisko. Anayehama na anayedisko wanabeba begi lilelile kurudi nyumbani, ila karatasi zao hazifanani. Aliyehama ana rekodi safi. Aliyedisko, kila chuo atakachoomba kitamuuliza ilikuwaje, na mwongozo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukimtaka aliyekatisha masomo akiwa na mkopo arejeshe sehemu ya deni kwanza ndipo aombe tena. Mtu aliyeshauriwa abaki ili asipoteze mwaka amepoteza mwaka na zaidi.

Utajuaje kama ni kozi? Usijipime kwa somo moja, maana kila kozi ina somo lake la kuua. Usijipime kwa mhadhiri pia. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu ya kozi yako, ipo kwenye kitabu cha mwongozo wa chuo, isome kama unavyosoma menyu. Kama mwaka wa kwanza ni mchungu lakini yale ya mbele unayatamani, basi kaza, piga msuli. Kama hata ya mbele hayana unalolitaka, hilo ni jibu. Halafu mtafute mtu wa mwaka wa tatu wa kozi yako akuonyeshe madesa yake, akueleze alikokwenda field na alifanya nini kule kuanzia asubuhi hadi jioni. Na ufanye hivyohivyo kwa kozi unayoitaka. Nimeona watu wamekufa na kupona kwa ajili ya sheria, wakaonyeshwa rundo la kesi za kusoma kwa wiki moja, wakarudi kimyakimya kwenye kozi zao.

Na kabla ya kuhama chuo, uliza kuhama kozi humuhumu ndani. Sijui kwa nini watu hawaifikirii. Labda kwa sababu kuondoka kunaonekana kama kuanza upya, na kuvuka kutoka jengo hili hadi lile hakuonekani hivyo. Lakini nusu ya barua nilizosoma zingemalizwa na uhamisho wa ndani: kitanda chako unacho, namba yako ya usajili inajulikana, Bodi inajua uko wapi. Masharti yapo, sawa na ya kuhama nje. Lazima uwe na sifa za kozi unayoitaka, na lazima iwe na nafasi. Angalia hapo, sifa za chini siyo sawa na ushindani. Kitabu cha TCU kinaweza kusema una sifa, na chuo kikakujibu kwamba waliochukuliwa mwaka huu wote walikuwa na pointi za juu kuliko zako. Jibu hilo lipate kwa maandishi mapema, usiligundue siku dirisha linafungwa.

Hela sasa. Mwenye mkopo, jua kwamba kuhama kwako kunahusu ofisi tatu: chuo unachotoka, chuo unachokwenda, na Bodi. TCU akiidhinisha, jina lako lazima litoke huku na litokee kule, na ada ya kozi mpya huenda siyo ile uliyopangiwa. Kabla ya kujaza fomu nenda kwa afisa mikopo wa huku, piga simu kwa afisa mikopo wa kule, uwaulize wote wawili swali moja: katika kipindi ambacho jina langu liko njiani, nitasaini wapi? Wakikujibu tofauti, ujue kipindi hicho utakula kwa hela ya mfukoni, ujipange. Anayelipiwa na wazazi naye aulize ada aliyokwisha kulipa inarudi kiasi gani, na aipate karatasini. Na usiondoke chuo bila barua rasmi ya kujitoa. Ukitoweka tu, kwenye mfumo utaendelea kuwa mwanafunzi wa hapa, na hilo utakutana nalo siku unaomba kwingine.

Wazazi ndio mtihani ambao hauna madesa. Mzee ameuza ng'ombe, kanisa zima linajua mtoto wake yuko chuo, halafu unapiga simu unalia. Ukilia atasikia kilio, hatasikia hoja. Mwenzangu mmoja wa chumba alifanya vizuri sana. Alisubiri mpaka alipopata majibu yote, akampigia mama yake Jumapili jioni. Tulikuwa tunasikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekula?"

"Nimekula. Mama, nataka kubadilisha kozi, ila sitaondoka chuo. Ada inazidi laki mbili. Mkopo unabaki. Nitamaliza mwaka uleule."

Kukawa kimya kidogo. Kisha mama akauliza, "Hiyo laki mbili inatakiwa lini?" Mazungumzo yaliyobaki yalikuwa ya hela tu. Baba aliletewa habari ikiwa imeshaiva.

Yapo mambo ambayo ushauri wangu wa kusubiri hauyahusu, na nisieleweke vibaya. Mama anaumwa na wewe ndiye mtoto mkubwa: nenda karibu naye. Mhadhiri anakudai mwili ili akupe alama: huko siyo kutopapenda chuo, hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mahali pake ni TAKUKURU. Una haki ya kuripoti na una haki ya kuhama, yote mawili, na asikuambie mtu uvumilie. Na kama umeacha kula, hulali au unalala siku nzima, unawaza kufa, usifanye uamuzi wa chuo wiki hiyo. Nenda zahanati ya chuo, nenda kwa mshauri wa wanafunzi, omba kuahirisha muhula ikibidi. Najua hapa Dodoma ukitaja afya ya akili mtu anacheka anasema "Mirembe". Acheni mzaha huo. Nimeshuhudia ukimfanya mtu afiche ugonjwa miezi mitatu.

Nirudi kwenye kalenda, maana hapo ndipo serikali yetu ya wanafunzi ina kazi ya kufanya. Napendekeza liwepo dirisha la pili la kuomba kuhama, baada ya matokeo ya muhula wa kwanza, na uhamisho wenyewe uanze mwaka wa pili. Najua jibu litakalokuja: vyuo haviwezi kupokea watu katikati ya mwaka. Ndiyo maana nasema uanze mwaka wa pili. Watasema masomo hayafanani kati ya chuo na chuo. Utaratibu wa kuhamisha krediti tayari upo kwenye miongozo ya TCU; tatizo ni kwamba mwanafunzi wa kawaida hajawahi kuusikia, na akiusikia hajui amwendee nani. Mtu aliyefanya UE moja anajua kama anafeli kwa sababu haelewi, au kwa sababu hataki, au kwa sababu hakula. Mwezi wa kumi na moja hajui.

Hoja hiyo haiwezi kuamuliwa hapa chuoni. Ni ya TAHLISO kuipeleka TCU, na TAHLISO wataipeleka kama vyuo vinne au vitano vitaisema kwa pamoja. Lakini lipo moja tunaloweza sisi wenyewe bila ruhusa ya mtu. Kwenye wiki ya mapokezi, badala ya hotuba sita za viongozi, tuweke meza moja kwa kila kozi, na kila meza wakae watu wawili wa mwaka wa tatu na madesa yao. Fresha azunguke, aulize, ashike karatasi. Aliyekosea kwenye benchi la steshenari atajua siku ya tatu, dirisha likiwa bado wazi.

Nimeiandika hoja hii kwa ukurasa mmoja kwa ajili ya kikao kijacho cha bunge la wanafunzi. Inahitaji saini za ma-CR ishirini. Kufikia jana usiku zilikuwa kumi na tatu, na hakuna hata moja ya mwaka wa kwanza.